Usirithi Kidole Changu

Theodora mwanangu,

Umeondoka sasa hivi na bodaboda kwenda Nakwa kumuaga bibi yako, na ninajua bibi hatakuachia mapema. Atakupa maziwa mgando, atakuombea, halafu atakumbuka kwamba kuna watakatifu aliowasahau, aanze upya. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa barazani, kamera yetu iko mezani mbele yangu, na ninaandika haraka kuliko nilivyofundishwa. Mwalimu wangu wa darasa la sita alituambia kwamba jambo linalokutia hofu uliandike kwa sentensi fupi, ili hofu isipate mahali pa kujificha. Nitajaribu.

Sitaandika habari za sweta, wala kuangalia begi lako kwenye buti la basi. Hayo baba yako ameyasema tangu juzi, na kesho stendi atayarudia mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu. Limeninyima raha tangu jana mchana.

Jana, ulipokuwa nyuma unafua, kaka Simoni alipiga simu kutoka studio yake ya picha huko Arusha. Nilikwambia amepiga, ila sikukwambia yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama Theo, mwambie binti asihangaike kubeba kamera. Jumamosi harusini atatumia ya kwangu. Nataka zote ziwe za aina moja, rangi za picha zisipishane."

"Sawa baba."

"Halafu mama, nisikufiche. Ninampa harusi hiyo moja kwanza. Picha zake zikiwa zimetulia, anabaki na mimi. Zisipotulia tutaambiana ukweli, na wewe usinichukie."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilipokata simu nikaona nimeishika nguzo ya baraza kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu. Nilipokuletea habari ya kamera ukaruka na mikono yako ya povu: "Afadhali! Mzigo umepungua." Hukuona kwamba sikukujibu.

Sikukujibu kwa sababu hii. Mwanangu, wewe huijui kamera. Unaijua kamera yangu. Hayo ni mambo mawili, na mimi ndiye niliyekufanya udhani ni moja.

Unakijua kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia. Tangu ulipozaliwa umekiona hivyo, kimenyooka kama kijiti. Mashine ya kupukuchua mahindi ilikishika kule shambani Singe kabla sijakubeba mimba, na daktari alikiokoa ila hakikunjiki tena. Baba yako huwaambia wageni, "Mke wangu hata akinyamaza ananinyooshea kidole." Tumecheka sana juu ya kidole hiki, na kwa sababu ya kucheka sikuwahi kukueleza kimefanya nini kwenye kamera.

Kamera inapotoka kiwandani, kile kitufe cha juu cha kupigia picha kina kazi mbili. Ukikibonyeza kidogo, nusu tu, kamera inatafuta fokasi, yaani kitu gani kionekane wazi. Unasubiri, inakuonyesha kwamba imepata, ndipo unamalizia kubonyeza na picha inapigwa. Kidole kimoja, kazi mbili, na katikati yake pana kupumzika kidogo. Watu wote wanaanza hivyo. Mimi sikuweza. Kidole changu hakijui nusu. Kinabonyeza chote au hakibonyezi kabisa.

Nikupeleke Mutuka, kwenye harusi niliyopiga msimu wangu wa kwanza na kamera hii. Ulikuwa mdogo, nilikuacha kwa bibi. Bibi wa bwana harusi alikuwa ameshuka kutoka juu huko Mbulu, mzee sana, amejifunga shuka juu ya gauni, wakamkalisha mbele chini ya turubai. Bi harusi akapiga magoti mbele yake. Bibi akaweka mkono juu ya shela, polepole, kama anayepapasa ndama. Mshereheshaji akashusha maikrofoni. Nikanyanyua kamera, nikabonyeza, kidole kikapita moja kwa moja. Na nilikuwa nimeiachia kamera ijichagulie yenyewe mahali pa kuangalia. Zile alama ndogo za fokasi zilitawanyika kila pembe ya kioo. Kamera ikachagua maua ya plastiki yaliyokuwa pembeni ya kiti, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu nayo.

Kwenye ile skrini ndogo nilijiona nimeshinda. Niliposafisha picha, kila ua ungeweza kulihesabia petali. Bibi alikuwa ukungu.

Masika ilipoingia bibi alifariki. Yule bi harusi akaja studio na khanga ya msiba begani.

"Mama Theo, ile ya baraka hakuna nyingine? Hata moja?"

Nikamfungulia zote kwenye kompyuta. Akaziangalia moja moja. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mjinga na nimeogopa, nikasema, "Lakini hii, ona maua yalivyotoka vizuri."

Akaniangalia bila hasira. Akasema, "Mama Theo, maua tulikodi."

Sijawahi kusahau maneno hayo. Ningependa na wewe uyabebe, si kwa huzuni, bali yawe kama kipimo. Kabla hujabonyeza jiulize ni nini hapo kilichokodiwa na ni nini hakitarudi, kisha uiweke fokasi kwenye hicho kisichorudi. Mara nyingi ni jicho la mtu.

Baada ya hapo nilikaa na menyu ya kamera kama mtoto anayejiandaa na mtihani. Yote ilikuwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha ubaoni. Nilikuwa na kamusi yangu ya shule, ile iliyopoteza jalada. Nilifungua ukurasa hadi ukurasa, na vitu vingine nilivibadilisha nikashindwa kuvirudisha, mpaka kamera ikawa inanililia kila nikiiwasha. Lakini nilipata mambo mawili. Kwanza, unaweza kuiambia kamera iangalie alama moja tu, ile ya katikati, isihangaike na nyingine. Pili, unaweza kuiondoa kazi ya fokasi kwenye kitufe cha juu ukaipa kitufe cha nyuma, pale gumba linapolala. Gumba linatafuta. Kidole cha juu kinapiga tu, hakiulizwi kitu kingine. Kijiti changu kikapata kazi kinayoiweza.

Nililia siku ile, Theo. Baba yako alidhani nimepata habari ya msiba.

Kisha wewe ukakua, ukaanza kuishika. Ulikuwa darasa la sita. Nikakwambia, "Gumba kwenye jicho, halafu piga." Ukafanya. Hukukosea hata siku ya kwanza, na mimi nikajivuna, nikawaambia majirani kwamba mtoto huyu amezaliwa na kazi hii. Sikukwambia kwamba kuna njia nyingine, wala kwamba ya kwangu ni mkongojo. Nisiseme uongo, ni mkongojo mzuri. Wapiga picha wengi wenye vidole vizima wanaichagua njia hii, kwa kuwa gumba likishamaliza kazi yake unaweza kuisogeza kamera utakavyo na fokasi isikukimbie. Lakini wao wamechagua. Wewe hukuchagua. Vidole vyako ni vizima vyote kumi, na bado unapiga picha kwa kidole changu kilichokufa.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumapili iliyopita kwenye ubatizo, maana unadhani unakijua.

Betri yetu ilizima kabla padre hajafika kwenye kisima cha ubatizo. Joeli wa studio ya ng'ambo ya barabara akakurushia kamera yake, akisema, "Shika, lakini Mama Theo ajue leo nimemwokoa." Ulifanya kila kitu kama nilivyokufundisha. Ulimlenga mtoto jichoni, ukabonyeza kwa gumba, ukaisogeza kamera ili wazazi na padre waingie, ukapiga. Jioni tulipozifungua, mtoto hakuonekana vizuri hata kwenye picha moja. Ukuta nyuma yake ulionekana mpaka nyufa za plasta.

"Kamera ya Joeli mbovu," ulisema.

Joeli akaweka mkono kifuani. "Mbovu? Theo, kamera hiyo imeozesha nusu ya Babati!"

"Basi ndiyo maana wanaachana."

Tukacheka wote watatu. Mimi nikasema, "Labda lenzi imelegea."

Lenzi haikulegea, mwanangu. Nililijua kosa kabla hujamaliza kuzifungua. Kwenye kamera ya Joeli, kitufe kile cha gumba hakitafuti fokasi. Kinashikilia mwanga tu, usibadilike. Fokasi iko juu, ilikowekwa na kiwanda. Kwa hiyo gumba lako lilibonyeza jichoni na halikupata kitu. Uliposogeza kamera na kupiga, ndipo ikaanza kutafuta, na katikati ikakuta ukuta. Sikutaka uaibike mbele ya Joeli. Na nilijiambia haina neno, kwa kuwa unaondoka na kamera yetu. Ndiyo maana simu ya kaka Simoni ilinishikisha nguzo.

Na fokasi ni nusu tu ya hofu yangu. Nusu nyingine ni mwanga.

Kamera haijui watu. Ikiona shela jeupe limejaa kwenye picha, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu zinazama gizani. Ndiyo maana nilikufundisha kuongeza mwanga kidogo bi harusi akikaribia, na kazi hiyo nikaipa kigurudumu cha mbele, kuelekea kulia. Kwenye kamera nyingine kigurudumu hicho kinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa, au kulia kukawa ndiko kupunguza. Hujui mpaka ujaribu. Na usijaribu bi harusi akiwa tayari mlangoni.

Tena uangalie mwanga ulioongezwa jana. Unaikumbuka ile kipaimara ya Singe? Wewe unakumbuka pilau. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye sherehe ya ukumbini usiku, nikaacha kipimo kimepandishwa juu kabisa, asubuhi nikaanza kuwapiga picha watoto nje ya kanisa bila kukiangalia. Jua lilikuwa kali, kanzu zao nyeupe. Zilitoka kama mtu amekata karatasi kwa mkasi, hakuna mkunjo, hakuna kifungo, vichwa vinaelea tu. Baba yako akaziangalia akasema, "Hawa hawakuhitaji askofu. Wameshapaa." Nilizunguka Singe nzima nikiwabembeleza wazazi wawavalishe watoto kanzu tena. Mmoja alikuja na magoti yenye tope kwa sababu alitolewa kwenye mpira, na kwenye picha ile anaonekana mtakatifu kuliko wote, ila amenuna.

Kamera inakumbuka ulichoiambia jana. Haijui kwamba leo kumekucha. Wewe ndiye wa kuijulisha, kila mara, hata kama umechoka, hata kama watu wanakuita jina lako kutoka pande zote. Hasa hapo.

Basi Jumamosi. Kaka Simoni atakapokupa kamera, utatamani kuonyesha kwamba unajua. Ninakufahamu, utaipokea kwa mkono mmoja na kutabasamu. Ninakuomba usifanye hivyo. Ipokee kwa mikono miwili, umwulize, "Kaka, fokasi umeiweka juu au nyuma?" Hatakucheka. Ukiingia jiko la mwenzako unauliza chumvi iko wapi, na hakuna anayedhani hujui kupika. Ukitaka uihamishie kwenye gumba, mwombe kwanza. Akikubali, kumbuka ilivyokuwa, na kabla ya kumrudishia uirudishe vilevile. Mtu akikuta kamera yake imebadilishwa, anakosa picha akiwa hajui kwa nini, na hilo ni baya kuliko kumvunjia.

Halafu, kabla wageni hawajajaa, simama pale bi harusi atakaposimama. Nyoosha mkono wako wa kushoto mbele ya lenzi, upande wa nyuma wa kiganja, wenye rangi yako. Upige. Ukuze picha uangalie. Ukiona vinyweleo, fokasi ipo. Ukiona rangi yako ni yako, haijawa majivu wala haijawa mkaa, mwanga upo. Mimi hufanya hivyo kila mara, na ulikuwa unadhani nakagua kucha.

Ukisahau katikati ya shughuli, gumba likaenda lilikozoea, usihangaike. Shusha kamera. Vuta pumzi. Watu wanadhani mpiga picha aliyeshusha kamera anasubiri jambo zuri, hawajui kwamba anatetemeka. Nimetetemeka mbele ya maaskofu wawili na hakuna aliyejua.

Ninaogopa, Theo. Ninaandika kwa sentensi fupi na bado hofu imejificha. Ninaogopa kwamba utaona ukuta umetoka vizuri tena, utafikiri kosa ni lako, na hutajua kwamba lilianzia kwenye mashine ya kupukuchua mahindi kabla hujazaliwa. Ninaogopa utarudi kimya. Kurudi si neno, mlango ni wako. Kimya ndicho ninachokiogopa.

Lakini kuna jambo ambalo sikukufundisha na ambalo halipo kwenye menyu yoyote. Mwaka jana wakati wa kupiga maharage, baba yako alikaa juu ya gunia akijidai hajachoka. Uliinua kamera, ukasubiri. Nilikuwa nakutazama. Nilitaka kukwambia piga, mwanga unaondoka. Ulisubiri mpaka akakusahau, akapiga mwayo mkubwa, akaona kwamba umemwona, akaanza kucheka, na ulipiga kabla kicheko hakijafika mdomoni. Kiko machoni tu kwenye picha ile. Mimi ningepiga mwayo au ningepiga kicheko. Hapo katikati sijui ulipaonaje. Ndiyo maana nilimwandikia kaka Simoni na kumtumia picha hiyo, wala si kwa sababu wewe ni mwanangu. Sawa, na kwa sababu hiyo pia.

Sasa nikuambie nilichofanya tangu ulipoondoka.

Kwenye menyu, chini kabisa, kuna mstari wa kuiamuru kamera isahau yote na iwe kama ilivyotoka kiwandani. Nimeukwepa mstari huo miaka yote kama mtu anavyokwepa kisima kisicho na mfuniko. Leo nimeufungua. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, kwa gumba. Vitu vyangu vyote vikaondoka mara moja, gumba, alama ya katikati, kigurudumu, vyote. Haikuchukua hata muda wa kujuta.

Nimejaribu kumpiga picha baba yako akiwa amesimama pale kwenye michongoma. Unaweza kukisia. Michongoma imetoka vizuri sana, kila mwiba. Nimemwonyesha, akasema, "Mama Theo, kwani na mimi nimekodiwa?" Kumbe kisa cha Mutuka anakikumbuka, na mimi nilidhani hasikilizi.

Usinisikitikie. Ukishafika Arusha nitakaa na kamusi yangu na nitarudisha kila kitu mahali pake. Nilishawahi kuipata njia hiyo nikiwa sijui kitu, sitashindwa leo.

Barua hii si ya kusoma kwenye basi. Nitakupa mkononi utakaposhuka kwenye bodaboda, uisome hapohapo umesimama, hata kama bibi amekupakia kuku na ndizi. Mwanga wa jioni utakuwa bado umeupiga mlima Kwaraa, na uani kwetu utabaki kidogo. Kuku wetu wapo nje, hawatulii hata kidogo, na ndivyo wanavyofaa. Kamera ipo mezani, imesahau kila kitu nilichoiambia. Chukua, utumie kidole cha juu. Nitasimama nyuma yako, na nikiona gumba lako linatafuta kitufe nitanyamaza, uligundue mwenyewe. Tutapiga mpaka giza lituzuie, na ukikosa, kuku hawaendi kumwambia Joeli.

Bonyeza nusu. Subiri. Mimi hiyo nusu siiwezi, mwanangu, wala sijawahi kuiona ilivyo. Njoo unionyeshe.

Mama